Leseni ya kurusha si leseni ya kumwaga sumu

Droni za kunyunyizia viuatilifu zimeshatoka kwenye mabanda ya Nane Nane zikaingia mashambani. Zimetumika dhidi ya kwelea kwelea, wale ndege wadogo wanaokula nafaka, na sasa wapo vijana wenye mashine zao wanaotafuta wateja wa kuwanyunyizia kwa ekari, kuanzia mpunga wa bonde la Ruvu hadi mananasi ya Kiwangwa. Hapa wilayani Bagamoyo nausikia mjadala ukienda njia mbili. Wa kwanza wanalalamika kwamba vibali ni vingi mno kwa chombo ambacho, kwao, ni bomba la mgongoni lililopata mabawa. Wa pili wanajibu kwamba hakuna la kuhofia mradi anayerusha ana leseni. Naona pande zote mbili zimekosea pa kutazama. Leseni ya urubani inajibu swali moja tu: je, chombo hiki kitaruka na kutua salama? Haijibu kilichomwagwa kitatua wapi, kwa nani, na kikiwa na ukali gani. Kwa hiyo anayepaswa kupimwa na kubanwa zaidi ni mwendeshaji, yaani mtu au kampuni inayopokea fedha ya mkulima na kuahidi kazi. Apimwe kwa cheti kimoja kinachounganisha mambo matatu ambayo leo yamegawanywa kati ya ofisi tofauti: chombo, sumu, na shamba lenyewe pamoja na majirani zake.

Kazi hii ina umri wa zaidi ya karne. Tarehe 3 Agosti 1921, karibu na mji wa Troy katika jimbo la Ohio, Marekani, Luteni John Macready alirusha ndege ya jeshi aina ya Curtiss na kumwaga unga wa risasi na aseniki juu ya shamba la miti ya katalpa iliyokuwa ikiliwa na viwavi. Viwavi walikufa kwa wingi, na kabla muongo ule haujaisha pamba ya majimbo ya kusini ilikuwa ikinyunyiziwa kutoka angani kibiashara. Kwetu Afrika Mashariki, kilicholeta ndege hizi ni nzige zaidi ya pamba. Mwaka 1962 nchi za kanda zilisaini mkataba ulioanzisha Shirika la Kudhibiti Nzige wa Jangwani, DLCO-EA, ambalo Tanzania ni mwanachama wake, na ndege zake zimekuwa zikiitwa pia kunyunyizia kwelea kwelea wanapovamia mtama, ngano na mpunga. Katika mazingira hayo kunyunyizia kutoka angani kulikuwa kazi ya serikali na mashirika ya kanda: ndege chache, marubani wachache waliofunzwa kazi hiyo hiyo, na maofisa wa kilimo waliosimama pembeni wakijua ni dawa gani imepakiwa. Usimamizi ulitokana na uchache huo. Leo mwendeshaji anaweza kuwa kijana mmoja mwenye pikipiki, droni, betri nne na jenereta ya kuzichajia. Uchache uliokuwa ukitulinda haupo tena, na bado tunajadili leseni kana kwamba upo.

Tuanze na ndege yenye rubani ndani, maana ndiko sheria zilikokomaa. Leseni ya rubani wa biashara, kwa viwango vya Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, inadai umri usiopungua miaka 18, cheti cha afya cha daraja la kwanza, na saa 200 za kuruka, au 150 kwa aliyesoma mfululizo kwenye chuo kilichoidhinishwa. Ni masharti mazito, na ni halali yawe mazito. Lakini tazama kazi yenyewe ilivyo. Rubani wa shambani huruka mita chache tu juu ya mazao, tangi likiwa limejaa, anafika mwisho wa shamba, anapandisha ndege ghafla, anageuka na kurudi kwenye mstari wa jirani, na hurudia hivyo mara nyingi kwa asubuhi moja. Nyaya za umeme ni miongoni mwa adui zake wakubwa. Mtu anaweza kuwa na leseni kamili ya biashara na asiwe amewahi kufanya hata mgeuko mmoja wa namna hiyo, wala kushika kopo la kiuatilifu mkononi.

Wamarekani waliliona pengo hilo na kuliziba ndani ya sheria ya anga yenyewe. Sehemu ya 137 ya kanuni zao inamtaka mtu anayenyunyizia kwa ndege awe na cheti cha mwendeshaji wa kilimo, juu ya leseni yake ya urubani. Kipo cha mkulima anayehudumia mali yake na kipo cha anayefanya kazi kwa malipo. Ili kukipata, mwombaji, au msimamizi mkuu aliyemteua, hupimwa ujuzi wa kuruka wa aina hiyo niliyoieleza: kupaa kwenye uwanja mfupi na laini, kuingia shambani, kunyooka kwenye mstari wa kunyunyizia, kupandisha na kugeuka. Kisha anapimwa maarifa, na hapa ndipo pananivutia. Anaulizwa namna ya kukagua eneo kabla ya kuanza kazi, namna salama ya kushika sumu na kutupa makopo yake, athari za sumu hizo kwa mimea, wanyama na watu, dalili za kwanza za mtu aliyedhurika, na huduma ya dharura ya kumpa. Mamlaka ya anga ndiyo inayouliza maswali hayo. Haikusema kwamba dalili za sumu ni kazi ya wizara nyingine. Na bado, mwombaji huyo huyo anahitaji pia leseni ya mnyunyiziaji kutoka jimbo lake. New Zealand nao wana daraja la kilimo linaloongezwa kwenye leseni ya rubani, na juu yake daraja la kemikali. Mifumo inatofautiana lakini wazo ni moja: anayemwaga dawa kutoka angani lazima aijue anga na aijue dawa, na ujuzi huo ukutane katika mtu mmoja anayewajibika.

Tanzania tuna ofisi zinazostahili, na sitaki mtu anielewe vibaya kwamba hakuna sheria. Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA, inasimamia marubani, ndege na kazi za angani, na tangu 2018 kuna kanuni mahususi za vyombo visivyo na rubani ndani yake. Wizara ya Ulinzi nayo ina kauli yake kuhusu droni, kwa sababu zinazoeleweka. Sheria ya Afya ya Mimea ya 2020 ilizaa Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, TPHPA, yenye jukumu la kusajili viuatilifu na kusimamia wanaoviuza na kuvitumia kibiashara. Kwa upande wa mazingira ipo taasisi ya taifa ya kusimamia mazingira na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, ile inayozuia shughuli za kibinadamu za kudumu au zinazoweza kudhuru mazingira ndani ya mita 60 kutoka kingo za mito na ufukwe wa bahari. Tatizo ni kwamba mwombaji anapita mlango baada ya mlango na kila mlango unauliza la kwake. Mlango wa anga unauliza chombo kina uzito gani na kitaruka juu kiasi gani. Mlango wa viuatilifu unauliza dawa imesajiliwa. Mlango wa mazingira unauliza mto uko wapi. Swali linalounganisha yote matatu, yaani dawa hii, kwa chombo hiki, juu ya shamba hili, kwa upepo wa leo, halina mwenyewe. Na ndilo swali ambalo jibu lake likiwa baya, mtu wa tatu anaumia.

Nieleze kwa nini swali hilo si la kinadharia. Dawa inapotoka kwenye pua za kunyunyizia huwa matone ya ukubwa tofauti. Tone lenye upana wa moja ya kumi ya milimita hushuka hewani kwa kasi ya kama sentimita 27 kwa sekunde. Likiachiwa mita 3 juu ya ardhi huchukua sekunde 11 hivi kufika chini, na kwa upepo wa mita 3 kwa sekunde, upepo wa kawaida kabisa pwani, litakuwa limesogea kama mita 33. Sasa chukua tone dogo zaidi mara tano. Lenyewe hushuka kwa takriban sentimita 1.2 tu kwa sekunde. Kutoka urefu ule ule litahitaji dakika 4 na zaidi kugusa ardhi, na upepo ule ule utakuwa umelibeba mita 750. Ukirejea sasa kwenye zile mita 60 za sheria ya mazingira utaona zilivyo: ni kinga nzuri dhidi ya jembe na tope, ila haziwezi kuzuia ukungu wa dawa. Kinachoamua kama utatoa matone makubwa au ukungu ni aina ya pua, mgandamizo, kasi ya kuruka na urefu. Hayo yote huamuliwa na mwendeshaji, na katika mtihani wa kurusha droni hayahitajiki ili uonekane rubani mzuri.

Upepo nao una tabia zake, na pwani yetu ina zake peke yake. Mchana upepo wa bahari huvuma kuingia bara, usiku hugeuka ukatoka nchi kavu kwenda baharini, na juu ya hayo kuna kusi na kaskazi vinavyopokezana kwa miezi. Wengi hudhani alfajiri tulivu, hata jani halitikisiki, ndiyo saa bora ya kunyunyizia. Mara nyingi ni kinyume. Usiku ukiwa hauna mawingu ardhi hupoa, na hewa baridi hulala chini ikiwa imefunikwa na hewa yenye joto zaidi juu yake. Matone madogo yakiingia humo hayapandi wala hayatawanyiki. Yanaelea kama utando hadi upepo wa kwanza wa asubuhi uyasukume yote kwa pamoja kuelekea upande mmoja. Mvuvi wa Bagamoyo anazijua pepo hizi kuliko kijana aliyefunzwa kurusha droni kwenye uwanja wa mpira, na mtihani wowote wa mwendeshaji anayetaka kufanya kazi wilaya hii ungepaswa kumpima kwa jambo hilo.

Liko suala ambalo hata wanaojali usalama huligusa kwa nadra, nalo kwangu ndilo zito kuliko yote: lebo. Kiuatilifu kinaposajiliwa, kinasajiliwa kwa matumizi fulani. Lebo inasema changanya kiasi hiki cha dawa kwa kiasi hiki cha maji, nyunyizia zao hili, vaa hiki, subiri siku kadhaa kabla ya kuvuna. Mkulima mwenye bomba la mgongoni la lita 16 hutumia kwa kawaida lita 200 au zaidi za maji kwa hekta. Droni haiwezi kubeba maji hayo. Mashine nyingi zilizopo sokoni hubeba lita 10 hadi 40, na kazi hufanyika kwa lita 10 hadi 30 kwa hekta. Kiasi cha dawa kwa hekta kinabaki kile kile, maji yamepungua mara kumi hivi. Maana yake mchanganyiko ulio ndani ya tangi la droni ni mkali kama mara kumi kuliko ule ambao lebo iliuzungumzia. Anayeuchanganya anashika kitu kikali zaidi. Tone linalopeperuka limebeba sumu nyingi zaidi. Hata zao lenyewe linaweza kuungua. Rubani mwenye leseni zote za dunia, akifungua kopo ambalo lebo yake haina mstari hata mmoja kuhusu kunyunyizia kutoka angani, anabaki kubahatisha. Wajapani, ambao walianza kunyunyizia mpunga kwa helikopta zisizo na rubani za Yamaha mwaka 1987, walilifahamu hili na kuweka kwenye usajili wa dawa maelekezo mahususi ya vyombo hivyo, pamoja na kiwango cha kuchanganya. Kwao lebo ni sehemu ya leseni. Nasi tukitaka droni zifanye kazi kwa usalama, hapo ndipo TPHPA inaposhika ufunguo kuliko TCAA.

Kwa nini nasisitiza Bagamoyo? Kwa sababu ramani ya wilaya hii haisamehe. Mto Ruvu unaishia hapa, na kabla haujafika baharini unapita kwenye mtambo wa Ruvu Chini, wenye uwezo wa kuzalisha lita milioni 270 za maji kwa siku kwa ajili ya Dar es Salaam na Bagamoyo. Tiba ya kawaida ya maji ya mto, ya kugandisha tope, kuchuja na kutia klorini, haikubuniwa kuondoa kiuatilifu kilichoyeyuka. Chini ya hapo iko mikoko, kitalu cha kamba, na kamba ni jamii ya viumbe wanaodhurika kwa viwango vidogo sana vya dawa za kundi la pairethroidi ambazo wakulima wetu wanazitumia kila msimu. Mlingotini kina mama wanalima mwani. Kaskazini iko Hifadhi ya Taifa ya Saadani. Kando ya Wami, Makurunge, kuna miwa, na kilimo kikubwa cha miwa katika nchi kadhaa hutumia ndege kunyunyizia dawa za kukomaza miwa kabla ya kuvuna, dawa ambazo baadhi yake ni viua magugu: zikivuka mpaka na kuangukia mpunga au mahindi ya jirani, zao hilo limekwisha. Sisemi kuna aliyefanya hivyo hapa. Nasema mashamba makubwa, mashamba madogo, mizinga ya nyuki, visima na chanzo cha maji ya mji mkubwa kuliko yote nchini vimekaa karibu karibu, na ukaribu huo ndio unaopaswa kuamua nani apewe kibali.

Sasa hoja za wanaopinga masharti. Wana hoja ya kweli, tena nzito. Bomba la mgongoni ndilo linaloumiza watu wetu leo. Mkulima anatembea ndani ya ukungu wa dawa yake mwenyewe, mara nyingi bila glovu wala barakoa, bomba likivuja mgongoni, na kwenye mpunga anakanyaga maji aliyoyanyunyizia dakika moja iliyopita. Droni inamtoa mtu humo. Kwelea nao hawawezi kudhibitiwa kwa bomba: ndege mmoja mwenye uzito usiofika gramu 20 hula gramu 10 hivi za nafaka kwa siku, na makundi yao hufika mamilioni. Anayeamia ndege kwa kombeo na debe tangu alfajiri hadi magharibi, mara nyingi mtoto ambaye angepaswa kuwa darasani, hatakuelewa ukimwambia asubiri kibali. Na ni kweli kwamba gharama na safari za kufuata vibali zinaweza kumwachia kazi hii mwenye mtaji mkubwa peke yake. Haya yote nayakubali.

Ila ile hoja kwamba droni ni bomba tu lenye mabawa, hiyo haisimami. Bomba la mgongoni linamwadhibu kwanza anayelibeba. Akikosea kipimo au upepo, yeye ndiye wa kwanza kukohoa, na hofu hiyo ni breki ya aina yake. Mwendesha droni anasimama upepo unakotoka, mita 50 au 100 kutoka kwenye dawa. Akikosea, haimpati yeye. Hekta moja ya bomba ni kazi ya siku nzima, na mkulima akiona mambo yanaharibika anaacha njiani. Hekta moja ya droni ni dakika chache, kosa limekwisha kukamilika kabla jirani hajatoka nje kuuliza kelele ni ya nini. Na mwenye bomba ni jirani yako unayemfahamu, wakati mwenye droni amekuja na pikipiki asubuhi na jioni yuko wilaya nyingine. Hatari imehama kutoka kwa anayefanya kazi kwenda kwa asiyehusika, na hapo ndipo kwa kawaida sheria hupata sababu ya kuingia. Mchelea mwana kulia hulia mwenyewe: tukiwaonea haya vijana hawa leo tusiwaulize maswali magumu, ajali moja mbaya itatosha kuifunga biashara yao yote kwa tangazo la siku moja.

Wapo pia wanaotaka kazi hii ifungwe kabisa, wakitaja Ulaya. Ni kweli kwamba Maelekezo ya Umoja wa Ulaya ya 2009 kuhusu matumizi endelevu ya viuatilifu yalipiga marufuku kunyunyizia kutoka angani. Lakini kifungu hicho hicho cha 9 kina milango ya kutokea, na masharti yake yanafundisha zaidi kuliko marufuku yenyewe. Ruhusa inaweza kutolewa pale ambapo hakuna njia nyingine inayofaa au ambapo njia ya anga ina nafuu iliyo wazi kwa afya na mazingira, dawa iwe imeidhinishwa mahususi kwa kunyunyiziwa angani baada ya kupimwa hatari zake, anayenyunyizia awe na cheti, na kampuni yenyewe iwe imethibitishwa. Dawa, mtu na kampuni, vyote katika kifungu kimoja cha sheria. Mkulima wa Ulaya ana trekta la kunyunyizia lenye mikono mirefu. Wetu ana mgongo wake. Kwa hiyo marufuku yao haitufai, masharti yao yanatufaa.

Hata serikali yenyewe isijitoe kwenye kipimo hiki. Dawa iliyozoeleka kumwagwa na ndege dhidi ya kwelea barani Afrika ni fenthioni ya kiwango kikali kisichochanganywa na maji. Chad ndiyo iliyoipeleka mbele ya Mkataba wa Rotterdam, unaohusu biashara ya kimataifa ya kemikali hatari, kwa sababu ya madhara kwa watumiaji wake, na baada ya miaka mingi ya mabishano nchi wanachama zilikubali mwaka 2025 kuiweka kwenye orodha ya dawa zinazohitaji nchi kuridhia kabla hazijaingizwa. Kwelea hunyunyiziwa jioni wanapokusanyika kulala, mara nyingi kwenye matete karibu na maji. Asubuhi yake ndege waliokufa wametapakaa chini, na katika maeneo mengi ya nchi kwelea ni kitoweo. Rubani anaweza kuwa amefanya kazi yake bila dosari hata moja, na bado watu wakaokota sumu wakaipeleka jikoni kwa sababu hakuna aliyepita kijijini siku moja kabla kuwaambia. Taarifa kwa wananchi ni sehemu ya kazi ya kunyunyizia, na iwe sharti la cheti kwa idara ya serikali sawasawa na kwa kijana wa droni.

Hoja hii ikikubaliwa, yapo matokeo yake. La kwanza, cheti cha mwendeshaji kitolewe kwa pamoja na TCAA na TPHPA, kwa dirisha moja na ada inayolingana na ukubwa wa kazi, ili mwenye droni moja ya lita 10 asilipe kama kampuni yenye ndege ya tangi la lita 1,900. Kurahisisha njia ya kupata cheti na kukaza masharti yake vinawezekana kwa wakati mmoja. Kinachochosha waombaji ni milango, maswali yenyewe si mengi. La pili, cheti kimtaje mtu mmoja kwa jina kama msimamizi anayebeba lawama. Isiwe kazi ikiharibika rubani anasema alipewa ndoo ikiwa imeshachanganywa, na mchanganyaji anasema yeye ni kibarua.

Na huyo mchanganyaji asisahaulike. Katika kazi hii anayegusa dawa ikiwa haijachanganywa, anayefungua makopo, anayejaza tangi mara ishirini kwa siku, ndiye anayedhurika zaidi, na ndiye asiye na leseni yoyote wala anayeulizwa chochote. Dawa za kundi la fenthioni huzuia kimeng'enya kiitwacho kolinesterasi kinachotuliza mishipa ya fahamu. Jasho, mate mengi, mboni za macho kusinyaa, misuli kutetemeka, kisha pumzi kukata. California inawataka waajiri wawapime damu kimeng'enya hicho wafanyakazi wanaoshika dawa kali za kundi hili kwa zaidi ya siku 6 ndani ya siku 30. Sisi tunaweza kuanza na kidogo zaidi: asiyejua dalili hizo asiruhusiwe kuchanganya, na zahanati iliyo karibu ijulishwe jina la dawa kabla ya kazi, ili mgonjwa akifika wasianze kumtibu malaria.

La tatu ni kumbukumbu na bima. Droni ina nafuu moja ambayo ndege za zamani hazikuwa nayo: inaandika yenyewe ilipopita, saa ngapi, kwa urefu gani na imemwaga lita ngapi. Kumbukumbu hizo ziwe mali ya sheria, zitunzwe na zionyeshwe zikihitajika, pamoja na jina la dawa na hali ya upepo. Bila hizo mfugaji wa nyuki aliyekuta mizinga yake imekufa hana cha kushika mkononi mbele ya baraza la kata. Akiwa nazo, ubishi wa wiki nzima unamalizwa kwa kutazama ramani. Bima ya madhara kwa mtu wa tatu ifuate hapo hapo, maana kampuni ya bima ikishaanza kuuliza pua gani zinatumika na upepo ulipimwa na nani, itakuwa mkaguzi anayefika mashambani mara nyingi kuliko ofisa yeyote.

Mengine hayahitaji kusubiri Dodoma. Halmashauri za Bagamoyo na Chalinze zina uwezo wa kutunga sheria ndogo. Zinaweza kumtaka kila anayenyunyizia kwa chombo cha angani afike kwanza kwa mtendaji wa kijiji na mchoro wa shamba unaoonyesha visima, mizinga, nyumba na mazao ya majirani, ataje dawa na siku, na tangazo libandikwe siku mbili kabla. Zinaweza kuweka upana wa eneo lisilonyunyiziwa kandokando ya Ruvu na Wami kwa kufuata upepo na ukubwa wa matone, badala ya kuishia kwenye mita 60. Kazi ya kuandika hayo ni ya vikao viwili vitatu vya madiwani pamoja na mwanasheria wa halmashauri, maofisa ugani na watu wa bonde la maji la Wami na Ruvu, na ingefaa ifanyike kabla ya mpunga wa masika kuanza kutoa masuke, kwa kuwa wakati huo kwelea watashuka na simu za kuita droni zitaanza kupigwa.